Chumba cha mwako: Nafasi ndogo inayoamua nguvu, gharama na moshi wa injini

GARI, pikipiki, jenereta, trekta na boti ya uvuvi hutofautiana kwa umbo, bei na kazi. Hata hivyo, vyombo hivyo vikiwa vinatumia petroli au dizeli, vyote hupata nguvu zake mahali pa aina moja: ndani ya nafasi ndogo iliyofungwa ambayo mwenye chombo huenda asiione hata mara moja maishani mwake.

Nafasi hiyo huitwa chumba cha mwako. Nguvu ya injini, kiasi cha mafuta inachotumia na aina ya moshi inaoutoa, kwa sehemu kubwa huamuliwa humo.

Kwa tafsiri ya kihandisi, chumba cha mwako ni sehemu ya injini ambamo mchanganyiko wa hewa na mafuta huwashwa na kuungua, na joto linalopatikana likageuzwa kuwa msukumo. Katika injini za pistoni, ni nafasi inayobaki kati ya uso wa juu wa pistoni, kuta za silinda na upande wa chini wa silinda hedi, pale pistoni inapofika kilele cha mwendo wake.

Ni vyema ieleweke kwamba chumba hicho si kipuri. Mtu hawezi kwenda Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi akauziwa chumba cha mwako. Ni uwazi uliozungukwa na vipuri: pistoni na ringi zake kwa chini, silinda kwa pembeni, hedi na valvu kwa juu, pamoja na gasketi inayoziba maungio. Kipuri kimoja kati ya hivyo kikichoka, chumba chote hupoteza sifa yake.

Udogo wake

Mfano mzuri ni injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, iliyomo katika magari mengi yanayoonekana kwenye barabara za Afrika Mashariki, yakiwemo Probox na IST ya lita 1.5. Injini hiyo ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 75, na kila pistoni husafiri milimita 84.7 kutoka chini hadi juu.

Katika safari hiyo, pistoni hupita katika ujazo wa takriban sentimita za ujazo 374. Inapofika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 39 tu, pungufu ya kikombe kidogo cha kahawa chungu inayonywewa barazani.

Hewa yote iliyojaza silinda hubanwa hadi kuenea katika nafasi hiyo. Ujazo mzima wa silinda ukigawanywa kwa ujazo wa chumba cha mwako, hupatikana kile kinachoitwa uwiano wa mgandamizo, ambao kwa injini hiyo ni 10.5 kwa 1. Kompresheni ambayo mafundi huipima gerejini hutokana na uwiano huo pamoja na uzima wa ringi, valvu na gasketi.

Injini nyingi za magari hufanya kazi kwa mipigo minne. Kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa. Pili hupanda na kuibana. Tatu mafuta huungua na kuisukuma pistoni chini. Nne pistoni hupanda tena na kuufukuza moshi kupitia valvu ya kutolea. Kati ya mipigo hiyo, ni wa tatu pekee unaozalisha nguvu.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mpigo mmoja huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Moto wenyewe hupewa muda mfupi zaidi, takriban sehemu tatu kati ya elfu moja za sekunde, uwe umeanza na kumaliza kazi yake.

Ndani ya muda huo, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi. Aluminiamu, ambayo ndiyo asili ya pistoni nyingi za magari, huyeyuka kwa nyuzi 660 tu. Pistoni husalimika kwa sababu moto ni wa kitambo kidogo, kwa sababu oili na maji ya rejeta huondoa joto bila kukoma, na kwa sababu tabaka jembamba la gesi isiyo na joto kali hujishikiza kwenye kuta za chumba na kuwa kinga.

Tabaka hilo jembamba, lisiloonekana, ndilo linaloitenganisha injini nzima na injini iliyotoboka pistoni.

Moto, si mlipuko

Husemwa mara nyingi kwamba petroli 'hulipuka' ndani ya injini. Usemi huo hauelezi vyema kinachotakiwa kutokea. Katika injini iliyo salama, plagi hutoa cheche, moto huanzia hapo, kisha husambaa katika mchanganyiko kama moto unavyotembea katika nyasi kavu, ingawa kwa kasi kubwa zaidi. Shinikizo hupanda haraka, lakini kwa mpangilio, na pistoni husukumwa wala haipigwi.

Matatizo huanza pale sehemu ya mwisho ya mchanganyiko, iliyo mbali na plagi, inapokosa subira. Ikibanwa na kupashwa joto na moto unaoijia, hujiwasha yenyewe kabla haijafikiwa. Hapo ndipo hutokea mpasuko halisi, na dereva husikia mlio wa chuma kugongana, hasa gari linapopanda mlima likiwa katika gia kubwa.

Wahandisi huliita jambo hilo mgongo wa mwako. Madhara yake hayaishii kwenye kelele. Mawimbi ya shinikizo hulifagia lile tabaka jembamba la gesi linalolinda kuta, na joto likapata njia ya kuifikia aluminiamu. Hali hiyo ikiendelea, kingo za pistoni hulika, ringi huvunjika na hatimaye pistoni hutoboka.

Mgongo huo usichanganywe na kile ambacho mitaani huitwa 'kunoki'. Neno hilo hutumiwa zaidi kwa injini iliyokufa kwa sababu ya kulika au kuganda kwa beringi za krenkishafti, mara nyingi kutokana na ukosefu wa oili. Asili ya matatizo hayo mawili ni tofauti, ingawa gharama ya matengenezo huweza kufanana.

Swali linalofuata ni kwa nini wahandisi wasikiache chumba kiwe kikubwa, mgandamizo ukawa mdogo, na hatari hiyo ikaisha. Jibu limo katika historia ya injini yenyewe.

Mwaka 1860, Etienne Lenoir, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Ufaransa, alitengeneza injini ya gesi isiyobana mchanganyiko kabla ya kuuwasha. Ilifanya kazi, lakini ilipoteza sehemu kubwa mno ya nishati ya gesi hiyo. Mwaka 1876, Nikolaus Otto wa Ujerumani alifanikiwa kutengeneza injini ya mipigo minne iliyobana mchanganyiko kwanza, na matumizi ya mafuta yakapungua sana.

Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, aliufikisha mgandamizo mbali zaidi. Katika majaribio ya mwaka 1897 mjini Augsburg, injini yake iligeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati ule hazikukifikia.

Kanuni haijabadilika tangu hapo: kadiri mchanganyiko unavyobanwa zaidi kabla ya kuungua, ndivyo tone moja la mafuta linavyotoa kazi kubwa zaidi. Lakini katika injini ya petroli, kadiri unavyobanwa zaidi, ndivyo hatari ya mgongo inavyoongezeka. Ubunifu wote wa chumba cha mwako umo kati ya mambo hayo mawili.

Njia mbili za kutatua tatizo moja

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, tatizo la mgongo lilipatiwa majibu mawili tofauti.

Jibu la kwanza lilikuwa umbo. Mhandisi Mwingereza Harry Ricardo alionyesha kwamba chumba kikipangwa ili mchanganyiko uvurugike na kuzunguka kwa nguvu, na safari ya moto kutoka kwenye plagi ikafupishwa, mchanganyiko wote huungua kabla kona ya mwisho haijapata nafasi ya kujiwasha.

Katika hedi aliyoibuni, upande mmoja wa pistoni ulikaribia kuigusa hedi, na mchanganyiko uliokuwa hapo ukasukumwa kwa ghafla kuelekea upande wenye plagi. Wazo hilo bado limo katika injini nyingi za leo.

Jibu la pili lilikuwa kemia. Desemba 1921, Thomas Midgley, mtafiti wa kampuni ya General Motors ya Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha kiambato cha madini ya risasi kikichanganywa katika petroli huzuia mgongo. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923.

Sumu ya risasi ilikuwa imejulikana tangu zama za kale. Mwaka 1924, wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, kilichokuwa kikitengeneza kiambato hicho. Pamoja na hayo, biashara iliendelea na kuenea duniani kote, kwa kuwa kuongeza risasi kulikuwa nafuu kuliko kusafisha petroli kwa kiwango cha juu zaidi.

Kwa miongo kadhaa, risasi iliyowekwa ili kutuliza moto ndani ya chumba cha mwako ilitoka kwenye mabomba ya moshi na kuanguka barabarani, sokoni na kwenye viwanja vya shule. Watoto ndio walioathirika zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua.

Barani Afrika, mkutano uliofanyika Dakar, Senegal, Juni 2001 uliazimia kuiondoa petroli hiyo, na nchi za kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia kufikia Januari 2006. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao makuu Nairobi, ndilo lililosimamia kampeni ya dunia. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuuza petroli ya risasi kwa magari, na iliikomesha Julai 2021, takriban miaka 100 tangu ugunduzi wa Midgley.

Njia ya Ricardo, iliyohitaji fikra zaidi na faida yake ikachelewa kuonekana, ndiyo iliyobaki.

Maumbo ya leo

Injini za zamani zilikuwa na vyumba vya maumbo mengi. Vipo vilivyofanana na beseni lililofunikwa, vipo vilivyochongwa kama kabari, na vipo vya nusu duara, ambavyo viliruhusu valvu kubwa na upumuaji mzuri wa injini.

Injini nyingi za petroli za sasa hutumia umbo la paa la nyumba lenye miteremko miwili. Upande mmoja wa paa hukaa valvu mbili za kuingizia hewa, upande wa pili valvu mbili za kutolea moshi, na plagi huwa katikati kabisa. Kwa mpangilio huo, moto husafiri umbali unaolingana kwenda pande zote.

Hatua nyingine ilichukuliwa mwaka 1996, pale Mitsubishi ilipoanza kuuza nchini Japani gari la Galant lenye injini inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya chumba cha mwako, badala ya kwenye njia ya hewa. Toyota nayo ilikuja na mfumo wake wa D-4. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya chumba hukipoza, na mgandamizo waweza kuongezwa bila mgongo.

Hata hivyo, mfumo huo una gharama yake. Kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia, haizisafishi, na masizi hujikusanya juu yake. Pampu na nozeli zake hufanya kazi kwa shinikizo kubwa na huhitaji mafuta safi.

Dizeli na masizi

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hubana hewa pekee, kwa uwiano ambao kwa kawaida huwa kati ya 15 na 22 kwa 1, hadi joto la hewa hiyo lipite nyuzi 500. Dizeli inaponyunyiziwa humo na nozeli hujiwasha yenyewe. Kile ambacho ni hatari katika injini ya petroli ndicho hasa kinachotakiwa katika dizeli.

Vyumba vya dizeli ni vya aina mbili. Katika aina ya kwanza, bakuli limechongwa juu ya pistoni na nozeli hulipuliza moja kwa moja. Katika aina ya pili, kipo chumba kidogo cha pembeni ndani ya hedi. Moto huanzia humo, kisha hutoka kwa nguvu kuelekea juu ya pistoni. Injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, inayofahamika sana katika barabara za vijijini na mbugani, ni ya aina hii ya pili.

Chumba cha pembeni hupunguza makelele na huvumilia zaidi hali ngumu, lakini hupoteza joto jingi kwenye kuta, hivyo hutumia mafuta mengi kidogo. Injini mpya nyingi zimehamia aina ya kwanza.

Udhaifu wa dizeli ni kwamba mafuta na hewa hukutana wakati moto tayari umeanza. Pale ambapo tone la dizeli halikupata hewa ya kutosha, hubaki masizi. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Salfa katika dizeli huongeza madhara hayo na huharibu vifaa vya kusafishia moshi. Kwa sababu hiyo, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuhamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015.

Mafuta yaliyochakachuliwa

Chumba cha mwako hubuniwa kwa mafuta ya aina maalumu. Mafuta ya taa yakichanganywa katika petroli hushusha uwezo wake wa kuhimili mgandamizo, na injini iliyokuwa salama huanza kugonga. Yakichanganywa katika dizeli, hupunguza ulainishaji wa pampu na nozeli, na unyunyiziaji ukaharibika.

Kutokana na udanganyifu huo, Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta chini ya usimamizi wa EWURA, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchakachua. Kenya nayo, mwaka 2018, ilitoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa lengo hilo hilo. Mzigo wa hatua hizo uliwaangukia pia wanaopikia na kuwashia taa kwa mafuta hayo.

Dalili za chumba kilichoharibika

Kwa kuwa chumba hakionekani, hali yake husomwa kupitia moshi. Moshi wa bluu humaanisha kwamba oili inaungua humo, baada ya kupenya kwenye ringi zilizochoka au sili za valvu. Moshi mweusi humaanisha mafuta ni mengi kuliko hewa, pengine kwa sababu ya chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu.

Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili kwamba gasketi ya hedi imeungua au hedi imepinda au kupasuka. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia humo, na kuendelea kuendesha ni kuiua injini.

Hedi iliyopinda kwa joto hurejeshwa kwa kuchongwa kwenye mashine ili uso wake unyooke. Kazi hiyo ni ya kawaida, lakini kila mchongo hukipunguza chumba cha mwako. Kwa injini ya 1NZ-FE, kuondoa nusu milimita huweza kukipunguza kwa takriban sentimita 2 za ujazo, na uwiano ukapanda kutoka 10.5 hadi kukaribia 11. Hedi iliyochongwa mara kadhaa bila kipimo yaweza kuifanya injini igonge hata kwa petroli nzuri.

Masizi magumu yanayoganda juu ya pistoni nayo hupunguza nafasi hiyo. Zaidi ya hapo, hubaki yamewaka kama makaa na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche.

Nje ya pistoni

Chumba cha mwako hakimo katika injini za pistoni peke yake. Katika injini za ndege na mitambo ya gesi ya kuzalisha umeme, hewa hupita bila kusimama na moto huwaka mfululizo, mafuta yakiongezwa humo muda wote. Mitambo ya Ubungo jijini Dar es Salaam, iliyoanza kutumia gesi asilia ya Songo Songo mwaka 2004, ina vyumba vya aina hiyo. Changamoto kubwa humo ni kuuzuia moto usizimwe na upepo mkali unaoupitia.

Pikipiki na magari ya umeme, yaliyokwisha kuonekana katika miji kama Nairobi na Kigali, hayana chumba cha mwako kabisa. Lakini mamilioni ya injini za petroli na dizeli bado zimo barabarani, nyingi zikiwa zimetumika kwa miaka mingi. Kwa wenye injini hizo, kipimo cha kompresheni kinachofanywa gerejini kwa muda mfupi hubaki njia rahisi ya kujua hali ya chumba hicho kabla moshi haujaitangaza barabarani.